Koti la Adela

Zamda wa manunuzi ndiye aliyeagiza makoti meupe ya idara ya utafiti, na kama kila mwaka, lake halikuwamo. Mtu wa manunuzi koti la maabara la nini? Hilo alishalizoea. Lakini leo, alipofungua boksi stoo, alikuta moja limedariziwa kifuani: Adela. Adela, katibu muhtasi, ambaye kama yeye hajawahi kushika hata bomba la sindano. Profesa, mkuu wa idara, alimwongeza kimyakimya kwenye orodha, eti awe anapokea wageni.

Zamda alilivaa. Lilimkaa vizuri, na hilo likamuuma zaidi.

Mlango ukasukumwa. Bibi mmoja, kati ya wale waliojitolea kwenye utafiti, alisimama akihema, pamba imebandikwa mkononi.

"Daktari, nimepotea njia. Wamenitoa damu, sasa naona giza."

Angeweza kusema yeye si daktari. Badala yake alimkalisha juu ya boksi, akamnywesha soda yake mwenyewe, akachuchumaa akimpepea kwa kipande cha boksi mpaka kizunguzungu kikaisha.

Bibi alimgusa shavu. Kisha akasogeza uso karibu na koti, akasoma polepole.

"Adela. Mungu akuweke, mwanangu. Nitakuombea kila siku."

Zamda alifungua kinywa. Koridoni vilisikika viatu vya Adela mwenyewe, vikija. Bibi alikuwa amefumba macho, akilirudia lile jina taratibu, asije akalisahau.