Utando wa Uji

Generosa alisali akiwa amefumba jicho moja. La pili lilikuwa linamchungulia Sikitu, mke wa shemeji yake, aliyeshika bakuli la uji wa mama mkwe wao mgonjwa.

Sala ilianzia kwenye uumbaji wa mbingu, ikapita kwa manabii, ikawa inashuka pole pole kuelekea kitandani. Uji ukaota utando.

"Amina," mgonjwa akadakia. "Umemaliza, mwanangu?"

"Bado, mama. Ndiyo kwanza nafika kwenye ugonjwa wako."

"Basi mwache Sikitu asali, labda yeye atawahi."

Wanawake wa jumuiya waliokuja kumwona wakaangua kicheko. Miaka kumi na minne Generosa ndiye msalishaji wa nyumba ile, leo anapokonywa na huyu aliyeolewa juzi, ambaye hata sala ya Nasadiki humkwamia katikati!

Sikitu aliushika mguu uliovimba. "Baba, mama anaumwa hapa. Tunampenda. Msaidie ale."

Kisha akachota kijiko. Mama mkwe, aliyekuwa amekataa chakula tangu juzi, akafungua kinywa.

Generosa alitoka mbio hadi jikoni, akapiga magoti kando ya mafiga.

"Ewe Mwenyezi, uketiye juu ya makerubi..." Maneno yakagoma. Akavuta pumzi.

"Baba, namwonea wivu Sikitu. Na mimi nataka mama anipende."

Majivu ya asubuhi yalikuwa bado na joto chini ya magoti yake. Kuku mmoja akaingia, akasimama, akamtazama.