Ngano Iliyolowa

Tirza alilitua gunia la ngano mbele ya mwamuzi. Juu ya punje alilala mjusi aliyekufa. Nyumbani hakukuwa na chakula kingine.

"Ilishawahi kulowa?" mwamuzi, mzee Hananeli, aliuliza.

"Niliianika juu ya paa, mvua ikaipata."

Mwamuzi alikuna ndevu. "Andiko linasema mbegu iliyotiwa maji, mzoga ukiiangukia, ni najisi. Nasi tumefundishwa kwamba maji ambayo mwenyewe hakuyataka hayahesabiwi. Sikiliza vizuri, mama, kabla hujajibu. Mvua ilipoilowesha ngano yako, ulifurahi?"

"Sema hapana, wifi!" dada wa mumewe alinong'ona nyuma yake. "Nani anaujua moyo wako?"

Tirza aliikumbuka siku ile. Mvua ilikuwa ikiosha vumbi kwenye punje, naye alisimama palepale juu ya paa akicheka, mdomo wazi, kama mtoto.

"Nilifurahi, baba," alisema.

Hananeli alifumba macho. "Basi ni najisi. Kaimwage."

Aliimwaga nje ya lango la mji. Alipokuwa akikung'uta gunia, manyunyu yakaanza. Tirza alibaki amesimama pale, uso umelowa, akijizuia asifurahi.