Malenge Chini ya Alizeti

Kwa siku ya tatu mfululizo, mtu wa koti la kaki alisimama kando ya seng'enge ya Mbeti, akatazama saa yake, akaandika kitu katika kijitabu.

Mbeti alimchungulia kutoka jikoni, roho mkononi. Koti la kaki, kalamu, kijitabu: nani asiyewajua watu wa kanjo, wale askari wa baraza la jiji? Mtaa mzima wa Umoja ulikuwa umeambiwa kwamba maua kando ya nyumba ni ruhusa, lakini chakula kitafyekwa. Na Mbeti alikuwa na malenge.

Si malenge ya kula, jamani. Ya mbegu. Mama yake alimwachia kiganja kimoja tu cha mbegu kabla ya kufariki, na misimu miwili Mbeti alipanda, mimea ikachanua, vitunda vikanyauka na kuanguka kwa kukosa nyuki. Mwaka huu wa themanini na tatu alikuwa amepanda zile za mwisho. Safari hii aliyazungushia malenge yake alizeti, akaiacha na dania ikue hadi itoe maua, na nyuki wakaja kama walioalikwa harusini. Sasa malenge manne yalikuwa yamejificha chini ya majani, yamebakiza wiki tatu kukomaa. Yakifyekwa, mbegu ya mama yake ndiyo basi tena.

Kwa hiyo alijikaza, akatoka nje akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

“Habari ya kazi, bwana?”

“Mzuri, mama. Haya maua ni yako?”

“Ni yangu. Mimi napenda maua sana. Maua tu.”

Mtu yule hata hakuangalia chini. Macho yake yalifuata kitu hewani, juu, juu zaidi, hadi kikavuka paa la jirani. Akatazama saa tena.

“Na nyuki je? Hazikusumbui?”

“Nyuki?” Mbeti alisema, na mmoja ametua kwenye kitambaa chake cha kichwa. “Nyuki gani? Mimi sijaona nyuki hapa.”

Mtu wa kaki alimtazama, akameza mate, akaaga. Alipogeuka, Mbeti aliona vidole vyake ni vyeupe pepepe. Chaki! Leo wanatia alama, kesho wanakuja na mapanga.

Aloo, jirani yake wa mlango wa pili, hakuona jambo la kuumiza kichwa, akamwambia Mbeti:

“Mama Ndindi, kwani umefika Nairobi jana? Mpe kitu kidogo aende zake.”

Kitu chenyewe kilikuwa kimoja tu: jogoo mwekundu, mwenye maringo kumshinda chifu. Mbeti alimpenda jogoo yule kwa dhati. Hata hivyo alimfunga miguu, akamtia kikapuni, akamfunika kwa leso na kumwomba msamaha.

Kesho yake saa nne, jua limeshachangamka, mtu wa kaki akaja tena. Safari hii hakuandika chochote. Jasho lilimtiririka, akawa anaangalia huku na huku, mkono mmoja kauficha ndani ya koti. Mbeti hakuwa na shaka kwamba humo mna karatasi ya kumpeleka kortini. Akakimbilia kwenye seng'enge na kikapu chake.

“Bwana mkubwa,” alianza, “tafadhali, tuelewane...”

“Hata mimi nimekuja tuelewane, mama.” Alitoa mkono kotini. Ulishika chupa ya asali iliyofungwa kwa gazeti. “Siku tatu nimezipaka nyuki unga hapa kwenye maua yako, na zinazorudi kwangu ni hizo hizo zenye unga. Mimi ni Okumu, nakaa zile nyumba za nyuma. Hizi nyuki ni zangu, nimezificha juu ya paa. Chukua hii, mama, lakini nakuomba, usiniseme kwa kanjo.”