Moto Chini ya Kibamba

“Shemeji, andika jina lako hapa, usinitie hasira,” Flaviana alisema, akamsukumia Benedikto karatasi ya mahudhurio.

Benedikto, mdogo wa marehemu mumewe, mchonga vinyago katika soko la Mwenge, aliendelea kunywa soda ya kampuni. “Mie sisaini kitu, shemeji. Mdomo wangu umeshakataa, inatosha.”

Hasira zilimpanda Flaviana. Mtu mzima na ndevu zake, ovyo kabisa. Pale uwanjani watu wa Kibamba walikuwa wamefurika kuikataa kampuni iliyotaka kutoboa ardhi yao, ishushe vyuma vya umeme vyenye joto kali, iuchemshe mwamba chini kwa chini miaka minne mpaka uteme mafuta. Chini ya nyumba za watu, jamani. Chini ya kisima alichokichimba mumewe kwa mikono yake. Nani atakunywa maji ya humo?

Kampuni yenyewe ilishasema: bila saini za nusu ya kaya, haipewi kibali. Basi isipate hata moja.

Jesca, dada wa kampuni mwenye maneno ya asali, alipoanza kueleza faida za mradi walimzomea. Wala hakununa. Aliomba tu watu wajiandikishe mahudhurio, kama mkutano wowote. Flaviana akamnyang’anya kazi. Alitaka majina yajae, asije mtu kesho kusema waliokataa walikuwa watatu. Alipita mstari kwa mstari, akawaamsha waliosinzia, akawaandikia wazee wasiojua kuandika na kuwashikisha dole gumba kwenye wino. Kaya mia mbili na kumi. Benedikto peke yake akabaki na ubishi wake.

Wiki tatu baadaye mitambo ikaingia. Kibali kimetoka, watu waliambiwa. Nusu ya kaya na zaidi zimeridhia.

Flaviana hakukubali. Kuna watu wamenunuliwa. Na msaliti wa kwanza alimjua: yule aliyeogopa kuonekana na wenzake kwenye karatasi. Alimfuata Benedikto hadi kwake, akamtukana mbele ya watoto wake, akamwambia asimwite shemeji tena mpaka anaingia kaburini.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja ofisi ya kampuni, kanga kaifunga kiunoni. “Nionyeshe waliosaini. Nataka kila jina, nikawaumbue mmoja mmoja.”

Jesca alimvutia kiti, akamfungulia faili taratibu. “Yote haya hapa, mama.”

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maandishi ya chapa tu: sisi tuliosaini hapa tumeuridhia mradi. Majina yalianzia ukurasa wa pili, kwenye karatasi zile zile za uwanjani. La kwanza lilikuwa la Flaviana, na ya wazee, moja baada ya jingine, yalikuwa kwa mwandiko wake. Alitafuta la Benedikto mpaka karatasi ya mwisho. Halikuwemo.