Njia Iliyoshindiliwa

Ili Bibi Perepetua asitikiswe akipelekwa hospitali ng'ambo ya mlima, mji mzima ulishinda ukishindilia theluji kwa miguu, hata njia ikawa ngumu kama sakafu. Yeye na mwanawe walipofika kati ya jabali na genge, pikipiki ya theluji iliyokuwa ikimvuta juu ya sleji ilianza kufuka mvuke.

"Mbona umesimama, Anselmi?"

"Injini imechemka, mama. Hupozwa na theluji laini inayorushwa na mnyororo wake mpana wa chini. Hapa haipo, yote imeshindiliwa."

"Na wenzetu walivyojitahidi!"

Anselmi akakwangua njia kwa kisu, akapata chembe za barafu zisizojaa kiganja. Aliziweka juu ya injini, zikayeyuka papo hapo.

"Usije ukawaambia," mama alisema akihema.

Mbali chini, majirani walikuwa wakipunga vitambaa. Bibi Perepetua akatoa mkono katika blanketi, akawapungia.