Viberiti Viwili vya Shemasi Jérémie

Kiberiti hakikuwa na njiti hata moja, lakini Shemasi Jérémie alikishika kwa ncha za vidole kama kitu kitakachomlipukia.

Mtu huyu alikuwa na boti mbili pale mjini Baraka, kando ya ziwa. Alishavuka ziwa katika mawimbi yaliyowatapisha hata wavuvi wa kuzaliwa majini. Sasa alikuwa anatetemeshwa na kiberiti, kwa sababu kilitakiwa kujazwa choo chake na kupelekwa labo, maabara ya kituo cha afya.

Balaa lilianzia kwa kaka yake, Isidore wa Kazimia. Miaka mingi Isidore aliona damu chooni akasema ni bawasiri, akanywa mizizi. Alipofikishwa hospitali ya Bukavu, kansa ya utumbo mkubwa ilikuwa imeshapanda hadi kwenye ini. Walimzika mwezi wa tatu. Daktari akatuma neno: ndugu zake wapimwe.

Muuguzi Florentine wa kituo cha afya alimweleza shemasi polepole.

“Papa, inaanza kidogo sana. Ndani ya utumbo munaota kitu kama kayoga. Banaita polipe. Haiume. Inaweza kukaa miaka kumi inakomaa tu, kisha siku moja inageuka kansa. Tukiiona mbele ya kugeuka, banaikata, mambo inaisha.”

“Banaiona namna gani?”

“Kama choo yako iko na damu ya kujificha, tunakutuma Bukavu. Kule banaingiza kamera.”

“Mu kinywa?”

Florentine alitazama dirishani kwa heshima.

“Hapana, Papa.”

Shemasi, anayegawa meza ya Bwana mbele ya watu mia nne, alijiona amelala ubavu bila suruali mbele ya vijana wenye mashine. Na nyuma ya kamera aliona kitu kibaya zaidi: jeneza la Isidore, likiwa na nafasi pembeni. Wiki mbili hakumaliza sahani ya ugali, hata kanisa likaanza kufunga kwa ajili yake.

Ijumaa asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka. Vikopo vya kituo vilikuwa vimeisha tangu zamani, na watu walibeba viberiti kama kawaida yao. Siku hiyo nyumba ilihitaji viwili. Gentille, binti yake wa miaka kumi na saba, alikuwa anatafuta cheti cha minyoo; bila hicho, shule ya bweni kule Kalemie haimpokei.

Gentille alikuwa amejifungia chooni. Ndivyo alivyokuwa tangu Pasaka: anaingia na simu, anakaa mpaka wadogo zake wanagonga mlango.

“We Gentille! Unazala mule?” baba akafoka.

“Ni tumbo tu, Papa.”

“Tumbo ya simu!”

Binti akatoka, mwembamba kama ufito, akaweka kiberiti chake dirishani. Shemasi akaingia, akatoka, akaweka chake kando ya kile. Kisha, kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko mzuri katika nyumba ile, alichukua biki na viberiti vyote viwili, akaingia chumbani kuandika majina.

Alifunga mlango. Majina mawili yalimchukua muda mrefu ajabu. Mkewe, Mama Immaculée, aliwanyamazisha watoto: baba yenu anaomba.

Alitoka akiwa mtu mwingine. Aliporudi kutoka kituoni alimaliza ugali, akadai nyongeza ya ndagala. Jumapili aliimba kwa nguvu, hata sehemu za akina mama. Kanisa zima likakubaliana kwamba mfungo wao umejibiwa, na Mama Immaculée akalia kwa furaha.

Jumatatu boti yake mojawapo ilikuwa inapakia abiria wa Kalemie. Shemasi alimtuma Gentille ufukweni na valizi yake ya nguo, akamwambia asubiri cheti huko huko. Yeye akaenda kituoni akipiga mluzi.

Florentine alitoka labo na karatasi mbili.

“Ya Gentille iko safi. Hana minyoo. Aende masomo.”

“Bwana asifiwe. Na yangu nayo iko safi.”

Muuguzi alirudisha mlango, akasogeza kiti.

“Ikaa kwanza, Papa. Kwa yako iko damu. Nilirudilia mara mbili. Nikatafuta na minyoo, labda njo yenyewe inafanya vile. Haiko.”

Shemasi hakukaa. Mluzi wote ulikuwa umemtoka, na uso wake umegeuka majivu. Florentine alikuwa ameshawaona wengi wakipokea habari kama hiyo. Akamshika mkono.

“Usiogope. Haina maana ni kansa. Pengine ni kale kayoga, na bado kadogo. Lakini Bukavu utaenda, tena wiki hii. Mi sikufichi: kwa vile kaka yako alikufa, hatuwezi kungoja.”

“Boti,” shemasi akanong'ona.

“Boti gani? Papa! Usikimbie kamera!”

Alikuwa ameshafika barabarani. Alikimbia na karatasi zote mbili mkononi, kiatu kimoja akakiacha mbele ya soko, na wanawake wa samaki wakampisha wakicheka: shemasi gani huyu anayefukuzwa na mtu asiyeonekana?

Injini ilikuwa inanguruma. Alitumbukia majini na suti yake hadi kiunoni, akashika ukingo wa boti kwa mkono mmoja.

“Bienfait, zima moteur! Zima!” akampigia kelele nahodha.

Gentille aliinama kutoka katikati ya abiria, akicheka kwa aibu.

“Papa, unalowana! Cheti iko wapi?”

Baba yake alimnyooshea karatasi. Gentille akaipokea, akaisoma.

“Papa, umekosea. Hii iko na jina yako.”

“Jina niliandika mi,” alisema Shemasi Jérémie. “Kiberiti ilikuwa yako.”