Lori Jekundu

"Nasimiyu, umeua mashine! Unaandika na hakuna kitu kinaonekana!"

"Haijakufa, jirani. Kompyuta hii inatumia Linux, inaficha nywila ukiiandika. Punguza kelele."

Jumatatu mume wa jirani alituma sauti kwa imeli kutoka Molo, na kompyuta ya saiba, kibanda cha intaneti cha Nasimiyu, haikuwa na programu ya kuicheza. Nasimiyu akaandika nywila upya, herufi moja moja. Mistari ikakimbia. Kompyuta ikauliza kama iendelee kuweka programu, akabonyeza Y.

Spika ikakohoa. "Mama watoto, nimepata lifti. Lile lori jekundu la viazi."

Mtaa mzima wa Rhonda ulijua lori hilo lilichomwa njiani Jumatatu hiyohiyo, na hakuna aliyetoka hai.

Jirani akaziba spika kwa kiganja.

"Usiwashe jiko leo," Nasimiyu akasema. "Lete watoto, mkule kwangu."